Mfuko wa Uzi Mwekundu

Ganda la korosho likiungua hutoa harufu isiyobisha hodi. Inaingia puani, inashuka kooni, na ikishakaa kwenye nguo utaifua mara mbili ndipo iondoke. Wiki iliyopita, ndani ya ghala letu pale Frizoni, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, fundi mmoja alikuwa anachomelea rafu ya chuma, cheche zikarukia korosho ghafi mbili tatu zilizodondoka sakafuni. Moshi wenyewe haukuzidi wa sigara. Wenzangu wakakohoa, wakanung'unika, wakafungua mlango mkubwa. Mimi niliweka kalamu chini nikasimama pale pale, machozi yananitoka, na yule fundi maskini akaniomba radhi mara tatu akidhani ni moshi.

Nikamwambia aendelee na kazi. Ningeanzia wapi? Nina miaka karibu arobaini, nina watu chini yangu, nina kitambulisho kinachofungua milango sita, na kwa dakika ile nilikuwa mtoto wa miaka tisa juu ya paa la jengo moja la Deira, hapa Dubai. Nawaambia ninyi kwa sababu hamnijui, na kwa sababu nimechoka kulisimulia jambo hili nusunusu.

Tuliishi katika jengo la zamani la ghorofa nne, na chini yake waliuza sufuria kwa jumla. Tangu asubuhi sufuria zilipakuliwa, zikapakiwa, zikaangushwa, na hadi leo kifuniko kikianguka jikoni kwangu nahisi niko nyumbani. Ghorofa ya kwanza walikuwa mawakala wa mizigo, na mkabala nao ofisi aliyofanyia kazi Baba. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya nne. Juu ya hapo hapakuwa na kitu ila kamba za nguo, madishi ya televisheni na jua.

Kazi ya Baba ilikuwa kukata korosho. Msicheke, ilikuwa kazi ya heshima, na watu walivuka bahari kuja kumwona akiifanya. Mwenye ofisi, ambaye sote tulimwita arbab, alikuwa dalali. Watu wa Afrika walileta korosho ghafi, wenye viwanda wa India na Vietnam walizinunua, na yeye aliwakutanisha akanywa chai. Lakini hakuna anunuaye korosho ghafi kwa kuitazama, maana ganda linalong'aa linaweza kuficha kiini kilichooza. Basi ililetwa sampuli, mfuko mdogo tu, na Baba alizikata moja moja kwa mkasi wake mzito, akatenga nyeupe, zenye madoa na mbovu, kisha akazipima. Alichosema Baba ndicho kilichoamua bei ya shehena nzima. Alizaliwa Newala, akakulia chini ya mikorosho ya mama yake, na ujanani alivuka Mto Ruvuma akaishi Msumbiji miaka kadhaa, ndiyo maana alikuwa na Kireno cha kutosha kugombana. Arbab alimpendea hayo mawili.

Mama hakuwepo. Bibi alianguka akavunjika nyonga, Mama akarudi Mtwara kumuuguza, amembeba mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Alisema miezi mitatu. Mimi nilibaki kwa ajili ya shule. Miezi mitatu ikawa sita, sita ikawa tisa, na gauni lake la maua lililobaki kwenye msumari nyuma ya mlango likaacha kunukia udi, likaanza kunukia mlango.

Basi la shule lilinishusha saa nane mchana mbele ya sufuria. Nilipanda ofisini, nikala wali wangu kwenye bakuli la plastiki, kisha nikakaa. Baba alikuwa anakata, na mtu anayekata korosho hazungumzi, atapoteza hesabu. Marafiki nilikuwa nao, lakini walikuwa wa saa za masomo tu, kengele ikilia kila mmoja na dereva wake. Ndipo nikaanza kuzungumza na mizani. Niliiita Bi Mizani. Kila mchana niliiamkia shikamoo, nikaigusa sahani yake kwa kidole, na sindano ikicheza nikaona ameitikia marahaba. Siku moja Baba alinikuta namhadithia Bi Mizani habari za mtihani wa hesabu. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akarudi kwenye mkasi wake.

Kila Ijumaa baada ya sala tulikwangua kadi ya simu tukampigia Mama. Nyuma ya sauti yake mara nyingi nilisikia kigongo: ko, ko, ko. "Bibi yako huyo," Mama angesema, "yupo kwenye mkeka anabangua korosho. Anakusalimu." Niliondoka Mtwara nikiwa na miaka mitano, na mengi nilikuwa nimeyasahau, lakini kigongo kile kilinirudishia ua mzima: kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, korosho zikishika moto juu yake, Bibi akizimwaga kwenye mchanga na kutufukuza watoto tusisogee, na ule moshi mweusi mkali ambao jirani wote waliujua. Nikikata simu bado nilikisikia masikioni.

Sasa niwaeleze habari ya uzi, maana bila uzi hamtaelewa. Baba alikuwa na desturi yake. Mfuko ambao haujakatwa ulikaa rafu ya juu, na umeshonwa kwa uzi mweupe. Akishaukata, korosho zilizobaki alizirudisha ndani, akaushona kwa uzi mwekundu na kuuweka chini karibu na mlango. Uzi mwekundu maana yake khalas, kazi imekwisha, mfuko huu hauna faida kwa mtu. Korosho za uzi mwekundu niliruhusiwa kuzichezea. Nilijengea nyumba, nilipangia majeshi, ila nilikatazwa kuzivunja kwa meno wala kuzisogeza kwenye moto, kwa sababu mafuta ya ganda lake yanababua ngozi.

Ami Braima alikuja mwezi wa tano, amevaa sweta. Nje jua lilikuwa linayeyusha lami na yeye amevaa sweta la sufu la kijani, kwa kuwa kwenye ndege na kwenye hoteli kulikuwa na kiyoyozi na alikuwa ameamua Dubai ni nchi ya baridi. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu zimeanza mvi, na mapajani amepakata mfuko wa katani ukubwa wa mtoto mchanga. Alisafiri nao hivyo hivyo toka kwao, ndege tatu, na kila alipoambiwa auweke kwenye mizigo alijifanya hajui lugha. Kwao ni Guinea-Bissau, nchi ndogo kwenye ukingo wa Afrika Magharibi ambayo Baba alinionyesha kwenye ramani kwa ncha ya mkasi, akaifunika yote. Mdomo wa ule mfuko ulishonwa na wanawake wa kijijini kwake, kwa uzi walioupata. Ulikuwa mwekundu. Juu ya mshono, bandarini kwao walikuwa wameweka lakiri ndogo ya plastiki ya buluu, alama kwamba mfuko haujafunguliwa.

Baba aliuweka rafu ya juu. Mnunuzi alikuwa safarini, angerudi Jumatatu ya wiki iliyofuata, na lakiri ingekatwa mbele ya macho yake. Hivyo Ami Braima akawa na siku tisa za kusubiri katika mji ambamo hakumjua mtu. Kila alasiri alikuja ofisini, akakaa kwenye kiti cha wageni, akautazama mfuko wake kama yuko hospitali na aliyelazwa ni jamaa yake. Alipochoka kuutazama alinitazama mimi.

Tulizungumza kwa Kiarabu, changu cha shule na chake cha chuoni. Yeye alizungumza kana kwamba anasoma kitabu cha dini, na mimi kana kwamba najibu mtihani, lakini tulielewana. Nilimwita Ami, neno ambalo kwetu na kwa Waarabu ni ndugu wa baba, na yeye akaniita binti yangu. Siku ya pili alinikuta naiamkia mizani. Sikuwa nimemsikia akiingia, nikaona aibu hadi masikio yakawaka moto. Ami Braima hakucheka. Alisogea, akaweka mkono kifuani, akainama kidogo na kumuuliza Bi Mizani hali yake, hali ya watoto wake na hali ya mifugo yake, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wa salamu za kwao. Tangu siku hiyo nilikuwa nashuka kwenye basi nakimbia.

Yeye ndiye aliyenifundisha uchumi, ingawa hakuna aliyetumia neno hilo. Nilikuwa nakula. Akachukua korosho kutoka mfuko wa chini, akazipanga lundo kwenye meza, kisha akaomba ruhusa, akachota wali kidogo kwenye bakuli langu na kuuweka mbali na lundo.

"Hizi zetu," alisema akigusa korosho. "Na huu wao."

"Wa nani, Ami?"

"Wenye malori."

Babu zake walilima mpunga wao wenyewe. Baadaye watu wakahimizwa kupanda mikorosho, kila mtu akapanda, na sasa nchi nzima inasubiri mti mmoja. Ukizaa vizuri watu wanaoa, watoto wanasoma, paa linapata bati jipya. Msimu ukifika malori yanakuja kijijini na magunia ya mchele, mkulima anatoa korosho anapewa mchele, na anayesema kiasi gani kwa kiasi gani ni mwenye lori, maana mvua ziko mlangoni na ghala la mkulima ni tupu. Ami Braima alizisukuma korosho zote upande wa pili kwa kiganja, kisha akairudisha kwangu punje ya wali, moja, kwa ncha ya kidole. Nikacheka sana. Naye akacheka.

Mwaka ule vijiji vyao vitatu vilikuwa vimeyarudisha malori. Walikusanya korosho zao, wakazihifadhi kwenye bohari mjini, wakamchagua yeye apeleke sampuli Dubai akauze bila wenye malori katikati. Baba alinieleza tukipanda ngazi jioni. "Mama," alisema, ndivyo alivyoniita siku akiwa mpole, "yule bwana amebeba chakula cha vijiji vitatu kwenye mfuko mmoja. Mvua zikianza hajauza, watarudi kwa wale wa malori kwa magoti."

Nilielewa maneno. Ndiyo maana siwezi kusema sikuambiwa.

Ijumaa ile kabla ya Jumatatu ya mnunuzi tulimpigia Mama. Aliongea na Baba kwanza, kwa muda mrefu kuliko kawaida, na Baba akawa anajibu "naam" na "sawa" akiutazama ukuta. Kisha nikapewa simu. Mama alisema Bibi hajiwezi hata kukaa, kwa hiyo mwaka huu hatarudi, labda mwakani, Mungu akipenda, nami ni msichana mkubwa sasa nimtunze Baba. Nilimuuliza mbona sisikii kigongo. Akasema kadi inakaribia kuisha. Kadi haikuwa inakaribia kuisha, nilikuwa nimeishika mkononi na tulikuwa tumeikwangua sasa hivi.

Jumamosi Baba na arbab walikwenda bandarini tangu asubuhi. Nilitandika vitanda, nikafagia, nikamaliza masomo yangu, nikawa sina la kufanya hadi jioni. Mlango ulikuwa umefungwa, na gauni la maua limening'inia. Nilisogea nikalinusa, halikuwa na harufu yoyote ya Mama. Hapo ndipo wazo liliponijia, tena likanijia zima: kama ningeipata ile harufu ya uani, japo kidogo, ningekuwa nao wote kwa dakika chache.

Nilichukua ufunguo wa ofisi. Nilishuka, nikachukua mfuko wa uzi mwekundu, nikapanda nao juu ya paa. Jiko la mkaa lilikuwepo, Baba alichomea samaki Ijumaa. Mfuniko wa bati la biskuti niliutoboa kwa msumari na kopo zito, matundu mengi, kama nilivyomwona Bibi. Mchanga wa kumwagia nao ulikuwepo, kwenye ndoo nyekundu ya kuzimia moto iliyowekwa pale kwa amri ya manispaa. Nimekuwa mtu wa kufuata kanuni za usalama maishani mwangu mwote tangu hapo, na mkijua niliitumia ndoo ile kwa kazi gani mtanielewa.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha maganda yakaanza kutoa jasho jeusi, yakachemka, yakashika moto kwa mlio, na moshi ukapanda. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Nilifumba macho. Mafuta yakanirukia kwenye kifundo cha mkono, alama yake ninayo hadi leo, nami sikusogea. Niliwasikia. Nawaambia kweli, nilimsikia Bibi akitufukuza.

Aliyekuwa anafukuza ni Anti Wambui, mlinzi wa jengo, mama mmoja wa Nyeri aliyepanda ngazi zote nne mbio na kofia yake mkononi.

"Woi! Kasichana, unachoma nini huku? Moshi imejaa ngazi yote! Unataka tufutwe kazi sisi wote, madam wa chini ashaanza kupiga simu!"

"Korosho, Anti."

"Korosho?" Alitazama jiko, akatazama ndoo ya mchanga, akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini sauti ikashuka. "Haya, zima. Zima pole pole. Mimi nitawaambia ni waya imeungua." Akashuka akinung'unika Kikikuyu.

Nilizimwaga kwenye mchanga kama inavyopasa, nikachukua kopo kuwa kigongo, nikaanza kubangua. Ko, ko, ko. Nyingine zilipasuka vipande, nyingine zilitoka nzima, na zote zilikuwa tamu na za moto. Nilikuwa nimejaza sahani nusu niliposikia tena miguu ikipanda, safari hii mbio kuliko za Anti Wambui.

Alikuwa Ami Braima. Amekuja ofisini alasiri yake kama kawaida, akakutana na harufu kwenye ngazi. Sitasahau uso wake alipotokea mlangoni. Alikuwa anacheka, mdomo wazi, mikono ameitandaza, anasema maneno ya kwao ambayo si Kiarabu wala Kireno. Nilijua tu kwamba na kwao pia huchomwa hivi hivi, uani, na kwamba alikuwa amepanda ngazi nne akidhani anakwenda nyumbani. Nilimnyooshea sahani. "Karibu, Ami!"

Alipiga hatua tatu, akauona mfuko. Ulikuwa umelala kando ya jiko, mdomo wazi, na kipande cha uzi mwekundu kinapeperuka. Lakiri ya buluu ilikuwa sakafuni, imekatwa kwa mkasi.

Kicheko hakikutoka usoni mara moja, kilichelewa kidogo kuondoka. Aliinama akauinua mfuko, akautikisa. Ndani zilibaki korosho kidogo, za kujaza kiganja labda. Aliuweka chini. Alitazama upande wa bandari, akatazama jiko, kisha akanitazama mimi na sahani yangu, nami nikaishusha sahani kwa kuwa nilikuwa nimeelewa. Nilisema, "Uzi ni mwekundu, Ami. Uzi mwekundu ni khalas." Nililisema mara nyingi, na kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Ami Braima alivua sweta lake. Alilitandika juu ya zege, akakaa kwa kukunja miguu, akanigongea mahali pa kukaa kando yake. Akachukua korosho kwenye sahani, akaipuliza, akala. Kisha akanipa moja. Tukala hivyo, moja yeye, moja mimi, hadi tukasikia wauza sufuria wakifunga maduka kwa sala ya magharibi.

Baba alirudi akaambiwa. Nilisubiri kipigo na ningekipokea kwa shukrani. Baba alivua kofia, akakaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa kofia ile. Aliongea Kireno na Ami Braima kwa muda mrefu, na mara mbili nikaona Baba anataka kumshika miguu na yule bwana anamzuia.

Jumatatu mnunuzi alikuja. Nilikuwa nimekatazwa kwenda shule, nilipaswa kuomba radhi, nikaomba. Baba alizikata zile zilizobaki mbele ya wote. Ziliingia kiganja kimoja, na zote zilikuwa nyeupe, hakuna hata moja yenye doa. Nilimwona Baba akiziangalia kwa mapenzi. Alisema, kwa Kiingereza, kwamba katika miaka yake yote hajakata korosho nzuri hivi, na kwamba anaweka jina lake kuwa dhamana. Mnunuzi alikuwa mtu mstaarabu. Alikubali ni nzuri, akasema kiganja si sampuli, na kwamba lakiri imekatwa bila yeye kuwepo, hivyo hata zingekuwa dhahabu hawezi kuzihesabu. Sampuli nyingine ingechukua wiki mbili au tatu kufika, na yeye alikuwa na meli inayongoja. Kama wanataka leo, atanunua kama bidhaa isiyopimwa. Akataja bei. Arbab akatazama chai yake.

Ami Braima aliuliza jambo moja tu kwa Kireno, na Baba alilijibu akitazama sakafu. Nilimuuliza Baba baada ya miaka mingi lilikuwa swali gani. Aliuliza kama kwao mvua zimeshaanza, maana Baba alikuwa amesikiliza redio asubuhi. Zilikuwa zimeanza.

Akatia saini.

Siku ya kuondoka alikuja kuaga. Aliamkiana na Bi Mizani, mkono kifuani, akauliza mifugo yake. Korosho zilizobaki juu ya paa nilikuwa nimezihifadhi kwenye bati la biskuti, sikuthubutu kuzila wala kuzitupa. Akaziomba. Akazigawa mafungu mawili kwenye gazeti, moja akanirudishia, jingine akatia kwenye mfuko wa sweta. "Nitawaambia," alisema, "Dubai nilipata mnunuzi mmoja aliyezisifu." Nilitaka kucheka kama alivyotaka nicheke, nikashindwa.

Mama alirudi mwaka uliofuata kama alivyosema. Ile Ijumaa ya kimya cha kigongo Bibi alikuwa ameshafariki, Mama akabaki kumaliza matanga na mambo ya shamba, ila waliona nisiambiwe kwa simu. Na mimi, kama mnavyoona, niliishia kwenye kazi hii hii. Korosho zinazopita mikononi mwangu zinakwenda zikiwa ghafi, mchele unakwenda upande wa pili, na kwenye makaratasi yote yanaonekana safi. Nimejifunza bidhaa isiyopimwa huuzwa kwa hasara gani. Nimejifunza vijiji vitatu hula nini kati ya mvua za kwanza na mavuno, na kwamba mwaka uliofuata malori hayakusahau nani aliyeyarudisha. Katika ofisi yangu kila sampuli inakuja mifuko mitatu, mmoja wa kukata, mmoja wa akiba, mmoja wa akiba ya akiba. Vijana wapya hunicheka. Naacha wacheke.

Lakini nilisema nimechoka kusimulia nusunusu. Kwa miaka yote nimesimulia habari ya uzi, na wanaosikia husema, maskini, ulikuwa mtoto, uzi ulikudanganya. Uzi haukunidanganya. Karibu na mlango, chini, kulikuwa na mifuko minne ya uzi mwekundu siku ile. Zilikuwa korosho kuukuu, zenye ukungu, na mimi nilitaka zinukie kama za Bibi. Mfuko wa Ami Braima ulikuwa rafu ya juu. Nilisogeza kiti nikapanda. Niliiona lakiri, nikaishika, nikajua ni nini, nikachukua mkasi wa Baba. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba chakula cha vijiji vitatu kilikuwa kidogo kuliko haja yangu. Hilo sikuwahi kumwambia Baba.

Ami Braima sikuhitaji kumwambia. Aliiona lakiri sakafuni, na ofisini alikuwa amechungulia akifuata harufu, akaona mlango u wazi na kiti chini ya rafu, bila kujua bado maana yake. Alijua yote kabla sijafungua mdomo kumweleza habari za uzi. Ningekuwa mimi ningeshuka ngazi nikaenda kulia hotelini. Yeye alimwona mtoto amekaa juani na sahani, hana mtu, akavua sweta, akakaa, akala mchele wa watu wake, punje kwa punje, ili nisile peke yangu.